Mfanyakazi Aliyegeuzwa Mpita Njia

“Ukitaka mumeo apone, sema hakuwa mfanyakazi wangu.”

Maneno hayo, msomaji, ndiyo yaliyotufungia ukurasa juma lililopita. Mama Pacha kaegemea ukuta wa korido ya hospitali, kandambili mguu mmoja tu, ya pili ilimtoka asubuhi akikimbia. Mbele yake kasimama Tajiri, mwenye ghala la saruji, anamnong'oneza huku akitupa macho kushoto na kulia.

Na kama gazeti lile lilikupita, mambo yalikuwa hivi. Asubuhi ya siku hiyo hiyo lori la Tajiri lilirudi nyuma likambana mpakiaji mmoja ukutani. Mpakiaji huyo ni Baba Pacha, mume wa Mama Pacha. Na aliyekuwa kwenye usukani ni Breki, mdogo wake Mama Pacha, tumbo moja.

Mume kwenye tairi, ndugu kwenye usukani. Amlilie yupi?

“Sijakuelewa,” alisema Mama Pacha.

“Punguza sauti.”

“Mume wangu kabeba mifuko yako tangu pacha wangu hawajaota meno. Leo hakuwa mfanyakazi wako?”

“Mama, nisikilize kwanza, hasira baadaye.” Tajiri alimsogelea. Alinukia sabuni, kama mtu aliyetoka kuoga sasa hivi. “Nina bima mbili. Moja ni ya gari. Lori likimgonga mtu baki, mpita njia, bima ya gari inamtibu na kumlipa. Lakini akiwa mtu wangu, kaumia akiwa kazini, wanagoma. Wanasema huyo ni wa bima ya pili, ile ya wafanyakazi.”

“Basi mpeleke kwenye hiyo ya pili.”

Tajiri alitazama tena kushoto na kulia.

“Hiyo imekufa.”

“Imekufaje?”

“Muda ulikwisha, sikuihuisha. Biashara ilikuwa imelala. Ndiyo hivyo, yameshatokea.”

Mama Pacha alimshika Tajiri mkono.

“Yaani mume wangu akiwa mfanyakazi, hana pa kushika?”

“Hana. Akiwa mpita njia, anapo. Alikuwa anapita zake nje ya geti, lori likatoka kinyumenyume, likambana na ukuta wa nje. Hayo tu. Mtu wa bima yuko njiani. Atakuuliza wewe na atamuuliza mdogo wako. Mkisema kitu kimoja, mumeo anaondoka hapa leo.”

“Na tusiposema?”

 Alijibiwa na mlango wa wodi, uliofunguka akatoka daktari akivua glavu.

“Wewe ndiye mke wa mgonjwa? Njoo.”

Daktari hakuzunguka. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika, na mshipa mkubwa wa damu umesagika pamoja nao. Mguu ulikuwa umeanza kupoa. Pale hapakuwa na mtu wa kuushona mshipa ule. Hospitali kubwa walikuwa naye.

“Basi mpelekeni!”

“Nimeshawapigia. Wanataka dhamana ya bima kwanza. Nimewaomba, nimewagombeza, jibu lao ni hilo hilo.” Daktari alishusha sauti. “Mama, ukichelewa, tutaacha kuzungumza habari za mguu. Tutakuwa tunazungumza habari za uhai.”

*

Breki alikuwa nyuma ya jengo la kufulia, kachuchumaa katikati ya mashuka ya hospitali yaliyoanikwa. Mikono yake ilikuwa bado inanuka dizeli. Alipomwona dada yake hakuinuka.

Jina la Breki alipewa na wapakiaji wenyewe. Miaka yote ya usukani hakuwahi kukwaruza hata ndoo. Walikuwa wakisema lori likikosa breki, yule kijana mwenyewe anatosha.

Siku hiyo hakuna aliyekuwa amemwita kwa jina hilo.

“Tajiri kakwambia?” aliuliza Mama Pacha.

“Kaniambia.”

“Na unajua maana yake kwako?”

“Najua, dada. Ndani ya uwanja ni ajali ya kazini. Nje ya geti ni barabara. Dereva karudi nyuma bila kuangalia, kambana mtu anayepita na miguu yake. Hapo ni trafiki, pingu na hakimu.”

“Jela.”

“Usiitaje bure, inajua kuja yenyewe.”

Mama Pacha alitaka kumzaba kofi. Badala yake alichuchumaa naye. Shuka lilipigwa na upepo likawagusa mabegani, bichi na zito.

“Niambie ilikuwaje. Kweli yake.”

Breki alitazama viganja vyake.

“Shemeji ndiye alikuwa akiniongoza. Njoo, njoo, njoo. Namwona kwenye kioo, mkono wake unanipungia. Akanionyesha basi, simama. Nikakanyaga. Dada, nilikanyaga, mguu ukazama kama nimekanyaga godoro. Nikakanyaga tena. Halafu kwenye kioo shemeji hayupo.”

“Breki hazikushika?”

“Juzi nilimwambia Tajiri zinakwenda chini. Akaniambia, maliza wiki tu, tutazitazama.”

“Halafu wewe ndiye uende jela!”

“Nani ataniamini? Na hata wakiniamini, mguu wa shemeji utasubiri?” Alifuta viganja kwenye suruali. “Shemeji ndiye aliyeniingiza pale ghalani. Alinisimamia mbele ya Tajiri akasema huyu ni mdogo wangu, akiharibu mnidai mimi. Mimi ndiye niliyembana, dada. Acha na mimi nibanwe kidogo.”

“Mama alipokuwa anakata roho aliuchukua mkono wako akautia kwenye wangu. Nitamwambia nini?”

“Mama hatuulizi leo. Daktari ndiye anayetuuliza.”

 Kwa ndani mashine ya kufulia ilikuwa ikizunguka na kugonga, ikizunguka na kugonga.

Mama Pacha ndiye aliyesimama kwanza. Akamshika mdogo wake chini ya kwapa, akamwinua kama alivyokuwa akimwinua alipokuwa akijifunza kutembea.

*

Kabla ya kuingia kwa mtu wa bima, Mama Pacha aliomba amwone mumewe mara moja.

Baba Pacha alikuwa kalala chali, dawa zimemshusha mbali. Walikuwa wamemfuta uso lakini saruji ilikuwa bado imeganda kwenye nyusi, ikamfanya afanane na babu yake. Mama Pacha aliinama sikioni.

“Nisamehe, Baba Pacha,” alinong'ona. “Nakwenda kukukana.”

Mtu wa bima alikuwa mwanamke wa makamo, miwani puani, viatu bapa, uso usiotoa bure chochote. Aliwakalisha wote katika chumba cha muuguzi mkuu: Tajiri kwenye kiti, Mama Pacha na Breki kwenye benchi.

“Mgonjwa ni nani wako?”

“Mume wangu.”

“Anafanya kazi wapi?”

Mama Pacha aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni, mguu wenye kandambili na mguu usio nayo.

“Vibarua. Popote panapopatikana.”

“Ghalani kwa huyu bwana?”

Breki alikohoa. Tajiri aliitazama dari kama anayehesabu nyufa.

“Hapana,” alisema Mama Pacha. “Alikuwa anapita tu.”

Miaka yote ile ya mgongo kupinda. Miaka ya kumkanda mabega kwa maji ya moto, ya kikohozi cha vumbi kinachowaamsha watoto. Alikuwa anapita tu.

Mwanamke wa bima alimgeukia Breki.

“Na wewe?”

“Dereva wa lori. Nilikuwa natoka kinyumenyume. Sikumwona mtu.”

“Ulikuwa ndani ya geti au nje?”

“Nje.”

“Nje kabisa? Fikiri kabla ya kujibu, kijana. Ukisema nje, mimi nawajibika kumjulisha trafiki.”

“Nje kabisa, mama.”

“Unamfahamu mgonjwa?”

Breki alimtupia Tajiri jicho. Hilo Tajiri alikuwa hajawafundisha.

“Ni shemeji yangu.”

Miwani ilishuka kidogo.

“Shemeji yako anapita zake njiani, na lori linalomgonga ni lako wewe?”

“Ni mkosi, mama,” alisema Breki, na machozi yakamtoka bila kuombwa. Hayo hayakuwa ya uongo, na yule mwanamke aliyaona.

Akafunga kalamu. Akatoka nje, akapiga simu. Aliporudi alisema maneno machache tu:

“Dhamana imekwenda. Wamwandae.”

Mama Pacha aliteleza kutoka kwenye benchi mpaka chini, akakaa hapo sakafuni, anacheka na kulia, hajui kipi kimeanza.

*

Gari la wagonjwa lilisogezwa mpaka kwenye ngazi, injini ikiunguruma. Wauguzi walikuwa wameshamtoa Baba Pacha nje akiwa juu ya machela, chupa ya maji imeinuliwa juu, magurudumu ya mbele yamekwisha gusa mlango wa gari.

Na hapo hapo trafiki akafika.

Hakuwa mkali. Aliuliza dereva ni nani, Breki akanyoosha mikono kabla hajaambiwa. Pingu zikalia. Mama Pacha alimshika mdogo wake shati akashindwa kuliachia.

“Usilie, dada,” Breki alimwambia kwa sauti ndogo, akijaribu kutabasamu. “Leo nzima, hizi ndizo breki za kwanza kushika.”

Utani ule, msomaji, ungebaki kati ya ndugu wawili. Lakini trafiki alikuwa na masikio.

“Unasemaje? Lori halikuwa na breki?”

Breki aling'ata mdomo.

“Lori liko wapi sasa?” trafiki alimgeukia Tajiri.

“Lipo ghalani, afande. Nimeliingiza ndani.”

“Kwa nini umelitoa mahali pa ajali?”

“Lilikuwa limeziba njia.”

“Basi twende tukalione. Nikague breki, nikague na mahali penyewe.”

“Sasa hivi?” Jasho lilimtoka Tajiri puani, matone matone. “Geti limefungwa, afande. Watu wote nimewaruhusu waende nyumbani. Kesho...”

“Ufunguo si unao?”

Tajiri alitazama gari la wagonjwa, akamtazama trafiki, akamtazama Breki. Ndipo alipokata kauli, na akakata na kamba iliyowashika wenzake.

“Afande, ngoja nikwambie kweli. Huyu si dereva wangu. Jana nilimsimamisha kazi. Lori kalichukua bila ruhusa yangu, kanivizia. Mimi sihusiki na lolote alilofanya, na ghala langu halihusiki. Mchukueni.”

Breki alimgeukia Tajiri, pingu zikagongana.

“Simamisheni hapo!”

Ilikuwa sauti ya mwanamke wa bima. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, mkoba begani, tayari kuondoka.

“Kama dereva hakuwa na ruhusa ya mwenye gari, bima ya gari haimfuniki. Msimwondoe mgonjwa mpaka nijue nimedhamini nini.”

Dereva wa gari la wagonjwa alizima injini.

 Machela nusu ndani, nusu nje. Muuguzi mkono juu na chupa yake. Mguu wa Baba Pacha umefunikwa shuka, na chini ya shuka unaendelea kupoa.

Mama Pacha aliliachia shati la mdogo wake.

“Nimesema uongo,” alisema.

“Mama Pacha!” Tajiri alifoka.

“Nimesema uongo, na mdogo wangu kasema uongo, na aliyetufundisha ni huyu hapa. Mume wangu ni mpakiaji wake. Kaumizwa ndani ya uwanja wake, akiwa kazini kwake, na lori lake, lililoendeshwa na dereva wake, ambaye alimwambia juzi kwamba breki zimekufa!”

“Mwanamke kachanganyikiwa, afande, mumewe yuko mahututi...”

“Nimechanganyikiwa?” Alivuta mkono wa mumewe kutoka chini ya shuka akauinua juu, kiganja kigumu kilichopasuka, saruji imejaza kila ufa. “Huu ni mkono wa mpita njia? Nusa! Nusa, mama wa bima! Katuambia akiwa mfanyakazi hapati kitu, kwa sababu bima ya wafanyakazi aliiacha ikafa. Ndiyo maana nikamkana mume wangu. Nifungeni na mimi, lakini mpelekeni!”

Mwanamke wa bima hakumtazama yeye. Alimtazama Tajiri, kwa muda mrefu.

“Kakwambia bima ya wafanyakazi imekufa?”

“Ndivyo alivyosema.”

Akatoa simu. Alizungumza akiwa amewapa mgongo, wakasikia vipande vipande tu: jina la ghala, angalia tena, una hakika. Tajiri alifuta uso kwa kiganja, akarudi nyuma hatua moja.

Simu ikashuka.

“Bima ya wafanyakazi wa ghala lile iko kwetu pia,” alisema yule mwanamke. “Haikufa. Iko hai.”

Breki na dada yake walitazamana.

“Mfanyakazi akigongwa na lori la mwajiri wake ndani ya uwanja wa kazi, bima yake ni hiyo. Haikuhitaji uongo wa mtu.” Akawapungia wauguzi. “Mpakieni! Dhamana ni ile ile, nitabadilisha bima tu. Haraka!”

Injini ikanguruma tena. Machela ikasukumwa. Mama Pacha alikuwa ameshakanyaga kidato cha gari aliposikia mwanamke wa bima akiuliza swali ambalo hata yeye lilikuwa likimwasha:

“Bwana Tajiri, mtu mwenye bima hai anasemaje imekufa? Unahangaika hivi ajali iwe nje ya geti lako. Ndani kuna nini?”

Tajiri alirudi nyuma hatua nyingine.

Aliyejibu ni mtu ambaye hakuna aliyemtarajia.

Labda ni kutikiswa kwa machela, labda dawa zilikuwa zimeanza kumwachia. Baba Pacha alifumbua macho. Yalizunguka, yakampata mkewe, yakatulia.

“Wamemtoa?” aliuliza. Sauti ilikuwa kama karatasi inayokunjwa.

“Wamemtoa nani, Baba Pacha? Usiseme, pumzika.”

“Yule mwenzangu.”

Breki alisogea, trafiki aliyeshika pingu zake akaburutwa naye.

“Shemeji, ulikuwa peke yako. Nilikuona kwenye kioo, ulikuwa peke yako.”

“Wawili.” Alivuta pumzi, ikamuuma. “Kibarua mpya, kachukuliwa getini leo hii. Alikuwa upande wa mifuko. Lori liligonga rundo likamwangukia lote. Tajiri alimwona. Nilimwambia, mtoeni kwanza yule. Akasema atakuja kumtoa.”

“Alikuwa amekufa?” aliuliza trafiki.

Baba Pacha alitikisa kichwa, kidogo sana.

“Alikuwa ananiita. Mpaka wananipakia garini nilimsikia ananiita.”

Mama Pacha alikumbuka ile harufu ya sabuni. Alikumbuka: geti limefungwa, watu wote wameruhusiwa nyumbani. Na yule kibarua yuko humo chini ya mifuko tangu asubuhi.

“Ufunguo!” Trafiki aligeuka. “Toa ufunguo wa...”

Pale alipokuwa amesimama Tajiri palikuwa patupu. Upande wa pili wa jengo mlango wa gari ulibamizwa, matairi yakalia kwenye kokoto, na gari lake likapita mbele yao kwa kasi, halikuelekea mjini wala nyumbani kwake, bali kwenye njia ya ghalani.